Mgeni Asiye na Mvua

Kwanza acha hicho kicheko, ndipo nikueleze. Haya sikusimuliwa na mtu. Yamenikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa hapa Kamwokya, nikiwa nimekaa kwenye cherehani yangu. Sikuwa na homa, sikuwa nimesinzia, na pombe sinywi, uliza mtaa mzima. Na ukiona bado nakuchezea, siku ikinyesha njoo ukae pale karibu na nguzo ya baraza yangu, halafu uniambie unasikia nini.

Mimi ni fundi wa nguo. Nilitoka Bungoma zamani nikiwa msichana, nikaja Kampala kutafuta, na baraza ya chumba changu ndiyo karakana yangu. Sasa sikia jambo la ajabu la kwanza, ingawa hili halitishi: marafiki zangu wawili wa moyoni katika mji huu nilikuwa sijawahi kuwaona, hata kwenye picha. Tulikutana kwenye kundi la simu la watu wanaonunua vitenge. Watu wakachoka, wakatoka mmoja mmoja, tukabaki watatu. Mimi, ambaye wananiita Fundi. Zaituni, Mganda anayepika chai na chapati kule Kisenyi nyuma ya magereji. Na mzee mmoja wa kaskazini tunayemwita Afande, polisi mstaafu, siku hizi analinda lango la jumba fulani Kabalagala. Yeye vitenge havimhusu, aliingizwa kwa namba iliyokosewa, lakini alipoambiwa atoke akasema, kwa Kiswahili chake cha kambini, "Mimi natoka naenda wapi? Hapa watu nacheka vizuri."

Basi tukabaki tukipiga soga. Na soga yetu ilikuwa ya mvua. Jua likiwaka kila mtu ana kazi zake, lakini mvua ikishika Kampala, wewe si unaijua, hakuna mteja, hakuna pa kwenda, unakaa barazani na simu mkononi. Tukajitungia desturi. Kabla hujasema neno lolote unarekodi kwanza mvua ya kwako, unaituma. "Leta mvua," ndiyo salamu yetu. Mvua yangu ni ya bati, na tone moja linalovuja ndani ya beseni. Ya Zaituni ni ya turubai, na mafuta ya chapati yanalia chini yake, halafu anamalizia kwa kicheko chake kile cha kukwamakwama. Ya Afande inapiga pipa tupu, paa, paa, paa. Picha hatukutaka. Zaituni alisema, "Tukionana tutaanza kuoneana haya, jamani bambi, na haya ikiingia soga inakufa." Kwa hiyo sisi tulijuana kwa mvua. Lishike hilo, maana ndilo lililotuponza.

Siku yenyewe mvua ilianza baada ya adhuhuri, mvua ya hasira. Nikarekodi yangu, nikaituma. Zaituni akaleta yake. Afande kimya. Tukamsubiri. Zaituni akasema, "Mzee wetu amelala lindoni, leo wataiba hata lango lenyewe." Tukacheka.

Ndipo akatokea mwanamume kwenye mvua, amevaa koti refu la polisi, lile la kale. Akapanda barazani kwangu, akasimama karibu na nguzo, akanitazama kwa upole kabisa, akasema, "Leta mvua, Fundi."

Jamani, nani mwingine angejua neno hilo? Nilirusha mkasi, nikapiga kelele ya furaha kama mtoto. "Afande! Umefikaje?" Nikamvutia kigoda, nikammiminia chai. Sikumuuliza swali hata moja. Ningemuuliza nini? Sura yake siijui, na sauti ya mtu mbele yako si ile ya kwenye simu. Nilichokuwa nikimjulia ni pipa, na pipa mtu hatembei nalo.

Nikashika simu, nikarekodi: "Zaituni! Wivu ukuue! Afande yuko kwangu, anakunywa chai!" Nikamsogezea simu naye asalimie. Akasema, "Zaituni, habari ya siku nyingi." Nikatuma.

Tukaongea. Hapa niamini, kuna kitu kilipaswa kunishtua na hakikunishtua. Chini ya bati, mvua ya namna ile, watu hawaongei, watu wanafokeana. Sisi tulikuwa tunaongea polepole, sauti ya chini, kama watu waliokaa kwenye maombi, na nilimsikia kila neno. Mimi nikaona raha tu, hata Kiswahili chake kilichonyooka ghafla sikukishtukia. Akanisifu mshono, akauliza mama yangu anaendeleaje na goti, na kweli goti la mama nilikuwa nimewaambia. Halafu akauliza, kwa ile sauti ya kubembeleza ya mtu mzima aliyekaa peke yake siku nyingi, "Na Zaituni wetu, anakaa wapi hasa? Nataka nimsalimie naye."

Nilipajua, kwa sababu niliwahi kumshonea aproni nikaituma kwa kijana wa bodaboda, kwa maelekezo yake mwenyewe. Nikamwambia. Magereji, ukipita duka la matairi, ingia kichochoro cha kushoto, turubai la bluu. Nikamwelekeza kwa mikono kabisa.

Simu ikalia. Ni sauti ya kurekodi ya Zaituni. "Fundi, umetuma nini? Mimi nasikia wewe peke yako unapiga kelele, halafu kimya. Na mvua yako iko wapi? Huko imekatika?"

Imekatika? Nikatazama nje. Maji yalikuwa yanamwagika mtaani, watu wanakimbia na makaratasi kichwani. Kabla sijamjibu, sauti nyingine ikaingia. Nikaifungua. Paa, paa, paa, pipa. Na juu ya pipa, kikohozi, na sauti ya mzee: "Nyinyi watu, pole sana, simu yangu nakwisha moto, chaji hakuna. Mimi iko hapa lango tangu asubuhi. Nani nakunywa chai? Fundi, huyo ni nani?"

Nikainua kichwa. Mgeni wangu alikuwa ameketi vilevile, anatabasamu, amesikia yote. Nikatazama bati juu ya kichwa chake. Mvua ilikuwa inalipiga, naona maji yanavyoruka pembeni, na bati halilii. Nikatazama beseni. Tone linadondoka, linaingia kwenye maji, duara linatanuka, na sauti hakuna. Uliwahi kuona kitu kama hicho? Nilidhani masikio yangu yameziba. Nikajikuna sikio, nikasikia kucha yangu vizuri.

Akasimama. "Asante kwa chai," akasema. Kikombe kilikuwa kimejaa hadi ukingoni. Akashuka barazani, na alipotoa tu mguu wa pili, kelele ya mvua ikaniangukia kichwani kama gunia la maharage limepasuka. Nikapiga yowe. Nilipofumbua macho, mtaani hakuna koti wala mtu.

Sasa niambie, ungefanya nini? Mimi akili ilienda moja kwa moja kwa Zaituni. Yule mtu, kama ni mtu, nimemwelekeza mimi. Nikampigia Zaituni. Inaita, haishiki. Nikapiga tena. Nikaandika: ZAITUNI TOKA HAPO, ASIJE MTU AKAKUAMBIA NI AFANDE. Nilikuwa bado natafuta viatu sauti yake ikaingia. Na wewe unaijua Kampala ikinyesha, kutoka Kamwokya hadi Kisenyi hata ambulensi haifiki upesi.

"Fundi," akasema Zaituni, "kumbe kweli. Afande amefika. Ameketi hapa." Polepole, kwa utulivu. Nyuma yake hakuna turubai. Hakuna mafuta. Na mwishoni, pale anapocheka siku zote, hakucheka.

Nililia, sikufichi. Nikamsimamisha kijana wa boda aliyekuwa amejikinga chini ya mwembe wa jirani, akakataa, nikamsihi hadi akaniona mwendawazimu akakubali ili aniondoe pale. Njia nzima naomba, sala za mama yangu na za Zaituni pia, nimezichanganya zote. Mungu si anaelewa?

Nilimkuta ameketi kwenye benchi, chini ya turubai la bluu, amevaa aproni yangu. Ndiyo mara ya kwanza kumwona. Mwanamke mnene, mzuri wa sura, mzima wa afya. Peke yake. Nilitaka kumkumbatia nikashindwa. Magereji yote yalikuwa yananguruma kwa mvua, lakini nilipoingiza kichwa chini ya lile turubai, kimya. Kwenye kikaango chapati ilikuwa inaungua, mafuta yanaruka, hayalii.

"Zaituni, ni mimi, Fundi. Yuko wapi?"

"Amepita tu," akasema. "Kaa, Fundi."

"Amekufanya nini?"

"Nani?" Akanitazama kwa upole kabisa. Upole ule ule. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya kubembeleza, "Na Afande wetu wa Kabalagala, lango lake ni lipi hasa? Nataka nimsalimie."

Nilimwambia sijui. Nikarudi kinyumenyume hadi kwenye mvua, na kelele ya mvua siku hiyo niliipenda kuliko wimbo wowote.

Sasa usiniulize Zaituni alipatwa na nini, maana hata mimi sijui, na hilo ndilo linalonimaliza. Angekufa ningemzika nikamlilia. Angepotea ningemtafuta. Lakini yupo! Anapika, anauza, dada yake anakaa naye na anasema hana neno, ametulia tu siku hizi. Labda mimi ndiye niliyeharibika masikio? Nilienda nikapimwa, nikaambiwa nasikia vizuri. Nilimleta fundi wa mabati apande juu ya nyumba, akagonga kila mahali, akaniambia bati ni zima. Lakini mvua ikinyesha, pale karibu na nguzo, upana wa kigoda kimoja tu, hapana sauti. Wateja wanapapenda. Wanaenda kusimama hapo wakitaka kupiga simu, wananiambia, "Fundi, hapa pazuri, hakuna kelele." Mimi nashona tu.

Na kundi letu bado lipo. Likishuka wingu, Zaituni ndiye wa kwanza kuleta mvua yake. Ukiifungua, ni kimya kirefu, halafu: "Afande, unakaa wapi?" Kila mara.

Afande nimemweleza mara ngapi? Nimemsihi atoke kundini, nimemsihi abadilishe namba. Ananicheka. "Fundi, wewe na bati yako. Mimi nimelinda maiti usiku, sasa naogopa mama wa chapati?" Lakini juzi alinipigia mwenyewe, pembeni, sauti imemshuka. Mke wake amekufa, watoto wako mbali, langoni hapo hata wenye nyumba hupita bila kumsalimia. Akasema, "Huyu mama nauliza mimi nakaa wapi kila siku. Watoto yangu haiulizi. Nitamwambia, Fundi. Kama ni shetani, basi ni shetani ananitembelea."

Wewe ungemjibu nini? Nimemwomba jambo moja tu, na amekubali: mvua ikianza, kabla ya yote, anipigie simu nisikie pipa lake. Tangu siku hiyo sisubiri mvua kwa furaha tena. Ngurumo ikisikika naacha kushona, nakaa na simu sikioni, na nikisikia paa, paa, paa, ndipo napumua.

Kwa hiyo nisikilize na wewe. Mgeni akipanda barazani kwako wakati wa mvua, usihangaike kutazama miguu yake kama ina kwato, hayo ni ya zamani. Nyamaza kidogo, usikilize bati lililo juu ya kichwa chake. Na akikuuliza rafiki yako anakaa wapi, mwambie hujui. Mwambie hujui hata akikuuliza kwa sauti ya mtu unayempenda.