Bi Mmeona na Somo la Mfano

Watoto walimwita Bi Mmeona, na jina hilo alilipata kihalali. Kila hesabu ilipofika mwisho ubaoni aligeuka, akapangusa vumbi la chaki kwenye sketi, akauliza, "Mmeona?" Darasa zima likaitikia, "Tumeonaaa!" Waliokuwa wameona kweli ni wachache. Zikija hesabu za nusu na robo, yeye mwenyewe hakuwa mmoja wao.

Usimcheke mapema. Mtoto aliyewashinda walimu wengine akikaa kwake wiki chache alikuwa anasoma mpaka maandishi ya kwenye mifuko ya saruji. Yeye mwenyewe kuzidisha alijua, kugawanya alijua. Lakini namba nzima ikisimama na sehemu ubavuni, mbili na robo tatu, tano na theluthi, kichwa chake kilizima kama taa ya korido. Utotoni mada hiyo ilimpita akiwa kalazwa na surua. Chuoni mkufunzi alisema, "Hii mnaijua, turuke," na hakuna aliyenyoosha mkono kusema haijui. Ndivyo vyuo vilivyo: ukumbi mzima wa watu wanaoogopana, na mmoja mbele analipwa mshahara.

Basi akabuni njia yake. Kila mwanzo wa mwaka alimsaka hodari wa hesabu darasani, na ikifika mada ile alimwita ubaoni: "Haya mwenzetu, njoo utufanyie." Hodari anafanya, mwalimu kasimama pembeni anatikisa kichwa taratibu kama daktari anayesikiliza mapafu. Mtoto akimaliza: "Mmeona?" Mada imekwisha.

Wakaguzi waliipenda njia hiyo kuliko chai. Walimkuta mwalimu kanyamaza na mtoto anafundisha, wakaandika kwamba huu ndio ufundishaji shirikishi uliokuwa unatafutwa. Kikaja cheti. Mwalimu Mkuu akakitundika ofisini kwake, juu ya kiti chake mwenyewe, ili mgeni asielewe vizuri ni cha nani.

Mwaka huu hodari alikuwepo, tena wa kutisha. Ila baba yake alihamishwa kikazi, akaondoka na mtoto na hesabu zote za darasa la nne. Waliobaki walikuwa watoto wazuri, wenye afya, walioimba vizuri.

Ndipo Mwalimu Mkuu akaingia chumba cha walimu na lile tabasamu la mtu aliyebeba mzigo na ameshaona wa kumtwisha.

"Dada yangu, umetutoa kimasomaso," alisema. "Afisa Elimu anawaleta walimu wa shule jirani zote waje wajifunze kwako. Somo la mfano, Alhamisi."

"Mada gani, Mwalimu Mkuu?"

"Kujumlisha namba mchanganyiko. Ndiyo inayowatoa jasho wenzetu. Kwako wewe si maji ya kunywa?"

"Maji," alisema Bi Mmeona, na koo likamkauka papo hapo.

Tangu saa ile hofu ilihamia kwake na mizigo yake yote. Alimkumbuka mwalimu wa shule ya ng'ambo ya reli, aliyegundulika mbele ya wageni kwamba hajui kusoma ramani. Siku hizi yule anauza tiketi za choo stendi, na kila mwenye haja lazima amuulize kaskazini iko wapi. Bi Mmeona alijiona kakaa kiti cha jirani, na wateja wakimtania: "Mama, nipe tiketi moja na robo."

Akafungua kiongozi cha mwalimu, kitabu kilichoandikwa na wataalamu. Kwenye mada hiyo kilisema: mwalimu awaongoze wanafunzi wagundue hatua wenyewe. Akageuza ukurasa kutafuta hatua zenyewe. Kulikuwa na picha ya watoto wanaofurahi.

Wa kumuuliza alikuwepo, mwalimu wa darasa la sita. Tatizo, ukimnong'oneza jambo asubuhi, mchana unalisikia kwa muuza vocha. Nyumbani alibaki mume, fundi wa majokofu, aliyekuwa sakafuni na mgongo wa jokofu la mtu.

"Baba watoto, ukiongeza gesi huko kazini unapigaje hesabu?"

"Hesabu?" Mume alitoa kichwa. "Naongeza mpaka lipoe. Likilipuka, nilizidisha."

"Nakuuliza kwa dhati mwenzio."

"Na mimi nakujibu kwa dhati. Mbona unatetemeka kuliko hili jokofu? Wewe ndiye mwalimu wa mfano, wao ndio watetemeke."

Hakumwambia. Angemwambiaje? Kwa ndugu wa mume alikuwa ndiye msomi wa ukoo. Mawifi walimpigia simu kumuuliza mpaka dozi ya dawa.

Alhamisi wageni walijazana nyuma ya darasa, watu wazima kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Afisa Elimu alipewa kiti chenye mto na meza mbele yake. Mwalimu Mkuu alisimama mlangoni katikati kabisa, kama vile kulikuwa na anayetaka kutoroka. Alikuwepo.

Bi Mmeona aliandika ubaoni: mbili na robo tatu, jumlisha moja na nusu. Chaki ilikatika mara mbili. Akageukia darasa na kusema lile neno lake la siku zote, ila sauti ilitoka nyembamba kama ya jirani anayeomba chumvi.

"Haya wenzetu, nani aje atufanyie?"

Watoto wakainamia madaftari. Nyuma huko kalamu za wageni zilikuwa tayari. Mwishowe mkono mmoja ukanyooshwa, na moyo wa mwalimu ukaruka.

"Ndiyo, baba, njoo!"

"Mwalimu, naomba kwenda kukojoa."

Hakuna aliyecheka. Afisa Elimu aliandika kitu. Bi Mmeona aligeukia ubao kwa sababu huko hakukuwa na macho. Jasho lilimshuka mgongoni, akajua limeshaonekana kwenye blauzi. Mkono ukaanza wenyewe. Mbili na moja, tatu. Juu kuna tatu na moja: nne. Chini kuna nne na mbili: sita. Akaandika tatu, na nne juu ya sita. Ilikuwa nadhifu. Ilikuwa na sura ya jibu.

"Mmeona?"

"Tumeonaaa!"

Alisubiri paa lianguke. Halikuanguka. Alichosikia ni kalamu zikikwaruza karatasi. Akageuka taratibu. Wageni wote walikuwa wanaandika, tatu na nne juu ya sita, na vichwa vinatikisika kwa heshima. Afisa Elimu alitikisa kuliko wote.

Kumbe alikuwa amepona. Alitakiwa tu aseme asanteni, watoto waimbe wimbo wa kuaga, watu wakanywe soda. Lakini kwenye meza ya Afisa kulikuwa na jagi la maji, limejaa karibu robo tatu, na macho yake yakang'ang'ania hapo. Jikoni hakuwa mjinga. Ukimimina nusu jagi juu ya robo tatu, utapangusa sakafu. Robo tatu na nusu inapita jagi moja, lazima ipite. Na ubaoni, hiyo nne juu ya sita haikufika hata jagi moja. Maji yalikuwa yamepotelea wapi?

Hofu ya kwanza ilikuwa ya mtu mmoja. Hii ya pili ilikuwa na watoto wa shule zote zile ndani yake, na wote wanaitikia tumeona.

"Samahani," alisema. "Hiyo si sahihi. Msiandike."

Kalamu zikasimama. "Kuna mgeni wetu mmoja atusaidie?" aliuliza. Walimu walianza kutafuta vitu chini ya madawati. Mama mmoja alimpigia mtu simu bila kubonyeza namba.

Basi akachora mwenyewe, majagi, akiyakata robo robo. Nusu ni robo mbili. Robo tatu na robo mbili ni robo tano. Robo nne zinajaza jagi, inabaki moja. Mbili na moja tatu, na jagi lililojaa, nne. Nne na robo. Alifuta lile jibu nadhifu kwa kiganja, akaandika hili.

Afisa Elimu akaruka kitini anapiga makofi. "Mmeona ustadi huo? Kakosea makusudi ili mfikiri! Hii mbinu lazima ifike mkoani!"

Kwa maneno hayo mlango wa pili wa kutokea ulikuwa umefunguka, mpana, una zulia. Bi Mmeona aliutazama. Mkoani watakuwa wengi zaidi, na mada itakuwa kutoa.

"Sikukosea makusudi, Bwana Afisa," alisema. "Nilikuwa sijui. Sijawahi kujua mpaka sasa hivi."

Makofi yalikatika hewani. Mwalimu Mkuu, pale mlangoni, alipiga hatua moja nje, ya mtu asiyehusika. Afisa Elimu alikaa, akafungua kalamu yake, akaanza kuandika polepole bila kuinua uso. Hakuna aliyejua anaandika nini. Darasa zima lilisikia ile kalamu.

Ndipo mwalimu mmoja mwenye mvi, magoti kidevuni, akanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Mwenzetu," alisema, "kabla hawajakufukuza, hebu rudia pale robo mbili zilipotokea. Mimi hapo umeniacha."

"Na mimi," akasema yule mama wa simu.

Bi Mmeona alitafuta chaki. Ilikuwa mkononi.