Taa Sita za Ghala la Viazi

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ya sitini ikielekea ukingoni, foreman wa karakana yetu ya umeme pale Nakuru aliniambia niwashe taa ya tyubu. Ikapepesa mara mbili tatu, kisha chumba chote kikawa cheupe! Nilipiga makofi peke yangu. Foreman, Kalasinga wa maneno machache, akanionyesha stata, kikopo kidogo kinachopitisha umeme upashe moto ncha za tyubu, kisha kuukata ghafla. Hapo choki, kile chuma kizito, hutoa teke la umeme na gesi ya ndani ikashika. Niliipenda kazi hiyo papo hapo.

Miaka michache baadaye zikaja taa mpya zisizotumia stata. Kazi yangu ya kwanza bila msimamizi ilikuwa kufunga sita katika ghala la viazi kule Mau Narok. Nilizijaribu alasiri, jua likiwa kali, zikawaka zote. Nikarudi mjini nikipiga mluzi.

Jumatano ikaja simu: asubuhi taa zimegoma. Foreman alinitazama juu ya miwani. "Ijumaa mimi nakuja kuona. Kama haziwaki, wewe unaenda store kufagia."

Alhamisi asubuhi nilikuwa juu ya ngazi, baridi ikiniuma vidole, akina mama wachambuzi wa viazi wakisubiri mwanga. Nilibadilisha tyubu, nikabadilisha choki, wapi! Msimamizi wao, Mama Njoki, akachoka kungoja. Akapanda mezani na kitambaa apanguse vumbi. Alipopitisha mkono tu kwenye kioo, taa ikawaka!

"Fundi, hii kitu yako inataka kubembelezwa," akasema, na ghala zima likacheka.

Akagusa ya pili, nayo ikawaka!

"Mama, shuka! Usiguse tena!"

Nilikuwa nimekumbuka waya wa kijani, ule wa athi, unaounganisha bati la taa na ardhi. Sisi tuliozoea balbu tulikuwa na tabia ya kuukata, eti hauna kazi, ingawa ndio humkinga anayegusa taa asipigwe na umeme. Kumbe taa hizi huhitaji bati hilo liwe karibu na tyubu na liwe limeungwa na ardhi, ndipo umeme uanze safari ndani ya kioo. Kukiwa na joto huwaka kwa bahati. Baridi ikizidi hukataa. Mkono wa Mama Njoki ulikuwa umefanya kazi ya waya wangu! Nilizima umeme nikaunga waya zote, nikiona aibu na furaha kwa pamoja.

Ijumaa foreman akabonyeza swichi. Sita zote, mara moja! Ningeweza kujisifu, lakini nilimwambia ukweli: waya nilizikata mwenyewe, na mama yule ndiye aliyenifungua macho.

Foreman alivua miwani. "Basi. Store nitatafuta mtu mwingine."

Sasa nimestaafu, niko Kabazi, na mafundi vijana bado huniletea taa zinazogoma. Mimi husisimka kama siku ile ya kwanza. Kwanza huwauliza waya wa kijani uko wapi. Hunionyesha kisiki chake, wakitazama chini kwa haya, nami huwaambia wainue vichwa, kwa maana mimi nilikata sita.