Kamongo wa Mama

Juzi kitabu cha sayansi cha binti yangu kilinirudisha ufuoni mwa ziwa, Luanda Kotieno. Kiligawa viumbe wa majini: wanaoelea, wanaoogelea, wanaokaa chini. Mama, aliyeuza samaki, alitupanga mimi na dada yangu vivyo hivyo mchana mmoja, harufu ya omena, dagaa wa ziwani, walioanikwa ikiwa imetujaa puani.

“Atieno ni omena, anang'aa juu ya maji,” alisema, akimpangusa dada yangu uso.

“Na mimi?”

“Wewe kamongo. Unakaa kwa matope.”

Nilimfinya Atieno mpaka akalia.

Sasa najua maji yakikauka omena hufa upesi, lakini kamongo, samaki mwenye mapafu, hujifukia matopeni na kuendelea kupumua. Atieno alihamia mbali. Mama anaishi kwangu, na kila asubuhi nikimpelekea chai huniuliza, “Omena wangu amepiga simu?”