Jina la Marehemu Shemeji

Marehemu shemeji yangu alikuwa na dagaa ambao harufu yao ilitangulia gari. Nasema kweli, au jirani na kweli: gari likiwa bado linahema kupanda mlima wa Tingi, sisi huku Mbinga tulishabandika maji ya ugali. Yeye alivua, dada yangu akaanika juu ya vichanja, mbali na mchanga, na akina mama wa sokoni hawakuuliza dagaa wa wapi. Waliuliza jina lake. Wakiambiwa hawa si wake, walipita.

Kisha kifua kikamkamata. Mtu ambaye ziwa lilimmeza mara elfu likamtema, alikufa kitandani, amekonda kama kasia. Dada akabaki na mtumbwi, vichanja, watoto, na lile jina.

Jina lenyewe siliandiki hapa. Lina mwenyewe.

Mimi ndiye msomi wa familia. Kidato cha nne nilikipata kwa masomo ya jioni, katika darasa ambalo wanafunzi tulikuwa na mvi nyingi kuliko mwalimu, na umeme ukikatika tulisoma kwa mwanga wa vipara vyetu. Tangu nifaulu nimekuwa wakili wa ukoo, daktari wa ukoo, na mtabiri wa mvua. Kwa hiyo dada alipotaka kufungua kampuni, alipanda gari akaja kwangu.

"Mdogo wangu, nisipoliandikisha, litaondoka," alisema hata mzigo hajatua. "Kuna mtu anafunga dagaa kwenye mifuko na kuwauza kwa jina la baba watoto. Nimewaonja. Wana mchanga!"

Mchanga ulimuuma kuliko wizi.

"Nikiwa na kampuni yangu," akasema, "sitamwomba mtu chumvi. Wala ndugu zake marehemu, wala ninyi."

Nikampeleka steshenari karibu na stendi, kwa mzee mmoja ambaye baba yake alikuja na duka la vitambaa kutoka pwani na yeye akamalizia na kompyuta. Tulimwamkia, akatukaribisha benchi.

"Kwanza hatusajili," alisema. "Kwanza tunatazama kama jina lina mtu. Wengi wanakuja hapa wameshachapisha mpaka fulana, halafu jina lina mwenyewe Mwanza."

Akaandika. Mtandao wa siku ile ulitembea kwa magongo. Ningeweza kwenda misheni ya Kigonsera kwa miguu, nikasali, nikarudi, ule mduara bado unazunguka. Dada alikuwa ameshika ncha ya kitenge kwa mikono miwili. Mwisho mzee akageuza kioo upande wetu.

"Tazama mwenyewe, mama. Hakuna linalofanana. Nchi nzima, jina lako halina mtu."

Dada akalia pale pale kwenye benchi, akacheka, akalia tena. Ndiyo mara ya kwanza niliona meno yake tangu msiba. Mzee akasema asubiri, kuangalia si kusajili, na kitambulisho cha dada kilikuwa kimebaki nyumbani. Lakini nani wa kusubiri? Tukatoka hapo moja kwa moja mpaka kwa fundi wa mabango. Akatuandikia ubao wenye jina kwa rangi nyekundu na samaki mkubwa kama ng'ombe. Ukapanda juu ya gari, ukashuka na dada ziwani, akaupigilia mbele ya nyumba, juu ya vichanja.

Matanga yalikuwa hayajaanuliwa.

Desturi hii tunaijua sote, wa milimani na wa ziwani. Mtu akifa, jina lake linalala. Halichezewi, halipewi mtoto, mpaka ukoo ukae siku ya kuanua matanga na kumweka mtu mwingine ndani yake. Tulilelewa nayo. Lakini tulikuwa tumetoka kuambiwa nchi nzima, na nchi nzima ni neno kubwa, linaziba masikio.

Siku ya kuanua nilishuka mapema. Baba mkubwa wa marehemu alikuwa amekaa kibarazani, kiti chake kimeelekezwa kwenye ubao.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ndiyo wewe uliyeandika hiki?"

"Fundi, baba. Mimi nimelitazama jina tu. Halina mtu nchi nzima."

"Nchi nzima," akarudia, kama anayeonja mboga isiyo na chumvi. "Na hapa mkekani, umetazama?"

"Baba, kuna sheria ya makampuni..."

"Ilimuosha marehemu, hiyo sheria? Ilishika jembe makaburini?"

Wanawake jikoni wakacheka. Mimi pia nikacheka, maana mtu akikupiga vizuri unampa haki yake. Dada hakucheka.

Wazee wa ukoo wakamkalisha mkekani mdogo wake marehemu, fundi pikipiki, kijana mpole ambaye bado alikuwa na grisi kwenye kucha. Wakamvika koti la marehemu, likamfika magotini. Wakampa kasia. Wakamwita kwa lile jina, mara ya kwanza kutamkwa kwa sauti pale nyumbani tangu mazishi, naye akaitika. Kisha wakaita watoto waje waamkie.

"Shikamoo, baba," wakasema mmoja mmoja. Binti wa mwisho aligeuka nyuma kwanza, kutazama ni nani anayekuja.

Dada aliposimama kwenda kuung'oa ubao, baba mkubwa akamzuia.

"Nani kasema utolewe? Uache. Jina ni la huyu, nyumba ni ya huyu, na wewe ni wa nyumba hii. Mpokee, mfanye kazi pamoja."

"Na nisipompokea, baba?"

"Basi jina litamfuata mwenyewe."

Kijana akainua macho. "Shemeji, mimi sikuliomba," alisema.

"Najua," dada akamjibu. "Kaa tu."

Nilimvuta pembeni. Nikamwambia kisheria tunashinda, twende kesho tukasajili, kitambulisho si kipo hapa? Nilikuwa tayari kupeleka kesi mpaka kwa malaika.

"Nikishinda huko kwenu Mbinga," alisema, "mimi nitazikwa na nani? Na hawa watoto?"

Akachukua nyundo. Nilipotaka kumsaidia akanisogeza kwa kiwiko. Mbao zilikuwa mbichi, misumari ililia. Baba mkubwa akamwamuru kijana aupokee ubao, naye akaupokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepewa mtoto mchanga, hajui aushikeje. Siku chache baadaye ulikuwa umening'inia kwake, na dagaa wa kununua kwa watu wamepangwa chini yake.

Tulirudi kwa mzee wa steshenari. Akamuuliza dada jina jingine. Akataja moja, lina mtu. Jingine, linafanana mno na la mtu. Kila lenye ziwa ndani yake lilikuwa na watu. Mzee akavumilia, akasema, "Sema lolote, mama, hata lako." Dada akainuka.

"Langu nani analijua?" akasema, akachukua mfuko wake.

Sasa anauza Mbinga siku za soko, chini kabisa, karibu na wauza kamba za kufungia mizigo. Dagaa ni wale wale, weupe, hawana punje ya mchanga. Juzi nilikuwa nimekaa naye, nikapiga kelele kumwitia wateja mpaka wauza kamba wakaniomba nipumzike. Akaja mama mmoja, akachota, akanusa, akaonja mmoja.

"Hawa wazuri. Ni wa nani?"

Dada alikuwa ameshashika kopo.

"Wa ziwani," akasema, akampimia.