Viti vya Milembe

Wageni waliposhuka kwenye gari kijijini hapo kando ya mto, mbele kidogo ya Zagayu, walisema wanalosema wote: hapa pametulia. Milembe aliguna. Patulie vipi, na kila kiangazi watu wanamwagwa mlangoni kwake kupiga picha ua wa minyaa wa boma la mtemi wa zamani, na mwamba ambao wake zake walisagia mtama?

Lakini wageni hawakuwa donda lake. Donda lilikuwa dereva wao, Dastan, mwanawe wa kumzaa na marehemu mumewe, Mahona. Kijana anaishi Bariadi, si mbali, ila haji nyumbani mpaka alete wageni. Akija nao husimama kando ya gari na miwani yake myeusi, kama naye kalipa nauli. Nyumba ya udongo aliyokulia anaionea aibu. Viti anavitoa Milembe mwenyewe ndani, kimoja kimoja, goti likimuuma, huku dume zima likichezea simu. Inakera, jamani. Unazaa mtoto, unamlea, halafu anakugeukia abiria.

Siku hiyo alizidisha.

"Huyu bibi ndiye anatunza eneo," aliwaambia wageni. "Msalimieni, halafu tushuke mtoni."

Eti bibi. Milembe alikitua kiti alichokuwa amekibeba, akakikalia mwenyewe. Wageni na wasimame.

Akaanza salamu, na salamu ya Kisukuma haina njia ya mkato. Ukishaitikia mwangaluka unaulizwa ng'wana nani, yaani u mtoto wa nani, na usipomtaja mzazi bado hujasalimiwa. Dastan alilalamika kwamba jua litakuwa kali. Milembe akajifanya kiziwi. Aliwachukua mmoja mmoja. Faraja, mwalimu kutoka Mwanza, alimtaja baba yake na babu yake juu, akacheka kwa raha. Wenzake nao wakataja wa kwao. Walipokwisha, Milembe akageukia gari.

"Na wewe wa miwani. Mwangaluka."

"Mwangaluka," Dastan alijibu kwa sauti ndogo.

"Ng'wana nani?"

Wageni wote wakamtazama. Angeweza kutaja jina lolote, au kucheka tu yakapita. Hasira ya Milembe ilimwishia palepale, ikabaki hofu kwamba kweli mtoto atamkana mbele za watu. Aliushika ukingo wa kiti.

Dastan alivua miwani. "Ng'wana Mahona."

Faraja akauliza ni Mahona wa wapi.

"Wa hapa," alisema Dastan. "Nimezaliwa nyumba hii. Huyu ni mama yangu."

Faraja alipiga goti akamwamkia Milembe upya. Wengine hawakujua watazame wapi. Milembe hakulia, wala hakumkumbatia mtu. Alinyoosha goti lake bovu taratibu, akalisugua.

"Basi waletee wageni viti," alimwambia mwanawe. "Unajua vilipo."