Magnesiamu kwa Masikio ya Msagaji

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Chala, Fundi Mkuu hakunionyesha mashine. Alinisimamisha nje ya kibanda, nimeipa mashine mgongo, akaniambia nisikilize. Ndani injini ya dizeli ilikuwa inanguruma na mkanda wake unazungusha kinu. Baada ya kitambo mlio ukawa mzito.

“Kumetokea nini?” akaniuliza.

“Labda mafuta yanakwisha, Fundi.”

Akacheka hadi akakohoa vumbi. “Hayo ni mahindi mabichi. Mama yule hayakumkaukia akaja nayo hivyo hivyo. Msagaji anaona kwa masikio, kijana. Macho yatakuonyesha vumbi tu.”

Nyinyi mnaowasha mota kwa kubonyeza kitufe hamtaelewa kwa nini maneno hayo yaliniingia. Kinu chetu kilikuwa cha nyundo, yaani vyuma bapa vinavyoning’inia kwenye mhimili na kuzunguka kwa kasi, vikiyapasua mahindi mpaka yapenye kwenye chekeche, bati lenye matundu madogo. Chekeche ikichanika, unga hutoka chenga na watu hukutukana. Nyundo ikilegea ni balaa zaidi, kwa sababu ukichelewa kuzima hutoboa bati la kinu na kumfuata mtu. Yote mawili huanza kama badiliko dogo la mlio, na sisi tulilipwa kulisikia badiliko hilo kabla ya mtu mwingine.

Kwa hiyo hakuna aliyeziba masikio. Niliwahi kujaribu pamba wiki ile ya kwanza, kichwa kikiniuma. Fundi Mkuu aliniacha; akina mama ndio walionihukumu. Waliiona pamba, wakajitwisha mahindi yao, wakaenda zao mashine ya upande wa pili wa soko. Ufipa nzima ilikuwa hivyo: msagaji mwenye pamba sikioni ni sawa na dereva aliyefumba macho. Niliitoa, nikaitupa, na sikuirudisha tena mpaka nilipostaafu.

Mle ndani tulisema kwa mikono. Kiganja kilicholala maana yake dona, unga usiokobolewa. Vidole vikisuguana, sembe, basi mahindi yaende kwanza kukobolewa. Ukigonga kifua mara mbili kisha ukavuta kiganja kwako, umemwambia mtu zamu yake imefika, asogee. Hivyo ndivyo nilivyomjua Theresia. Alikuwa anakuja na mahindi ya kwao, anacheka, mdomo unakwenda, nami sisikii kitu. Nilimgongea kifua mara nyingi hata ambapo zamu yake haikuwa imefika, na wenzake wakanuna. Siku mkanda ulipokatika na injini ikazimwa ndipo nilipomsikia akisema, “Kumbe na wewe una sauti?” Yake ilikuwa nzito, ya chini, ile inayobeba kwaya ya kigango kutoka nyuma. Niliutengeneza mkanda ule polepole kuliko ulivyostahili.

Tulipokwisha kuoana, Bwana Meneja wa ushirika uliomiliki mashine zetu akanihamishia Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika. Kule kazi ilikuwa makopa, mihogo mikavu, ambayo vumbi lake hukaba koo na mlio wake ni mkali. Siku moja mchana, tumezima, nimekaa na mwenye nyumba wangu tunakula samaki, migebuka ya ziwani, nikamwuliza nyenje wa Kasanga huwa hawapumziki?

“Nyenje gani, bwana?” akasema. “Hapa hakuna nyenje.”

Nikaendelea kula. Bwana Meneja alipokuja kukagua nikamweleza. Akanipiga begani. “Umeshakuwa msagaji kamili. Hiyo huja, huzoeleka.” Hakuwa mtu mbaya. Na yeye alikuwa amefundishwa hivyo hivyo.

Hakuna kuzoea. Nilipohamishiwa Sumbawanga, mtaa wa Izia, kwenye mota ya umeme, nyenje wale walishakuwa filimbi, na filimbi ikawa kinu kizima. Nilistaafu nacho. Siku ya kuagwa nilipewa blanketi zito, kwa sababu ya baridi yetu, na mwenyekiti akahutubia kirefu. Nilipiga makofi wengine walipopiga. Moyoni nilikuwa nawaza jambo moja: kesho nitalala kwenye ukimya. Kesho yake nilikaa uani, hakuna mashine, hakuna mtu, na ndani ya kichwa injini inanguruma kama siku ya Jumamosi ya soko.

Haya ningeyabeba. Watu hubeba makubwa zaidi. Lakini Theresia akaota uvimbe kooni, na ile sauti ya kwaya ikaanza kupungua. Ikawa ya kukwaruza, ikawa ya kunong’ona. Kila ilivyoshuka, kelele ya kichwani mwangu iliifunika zaidi. Nilikuwa natazama mdomo wake kama zamani kule Chala, ila sasa mdomo wenyewe ulikuwa unachoka. Sikuomba uzima wa masikio yote. Niliomba nimsikie huyu mmoja, kabla sauti yake haijaisha.

Binti yetu Anna, anayeuza kwenye duka la dawa Mbeya, alileta chupa mbili: vidonge vya magnesiamu na vya zinki. Dada yangu alipoambiwa hayo ni madini akafurahi. “Mababu zetu waliyeyusha chuma hapa Ufipa,” akasema. “Chuma kimekula masikio yako, basi madini mengine yayarudishe.” Nami nilimwamini, msomaji. Mfa maji haachi kutapatapa.

Hata hivyo nilikwenda kwa daktari wa masikio. Alikuwa binti mdogo mpole, akanisogelea upande wenye afadhali.

“Shikamoo, mzee. Figo zako zinafanya kazi vizuri?”

“Marahaba. Nimekuletea masikio, daktari, unauliza figo?”

Alicheka, kisha akanieleza vizuri. Ndani kabisa ya sikio mna vinyweleo vidogo vinavyopokea sauti. Kelele za miaka mingi huviua, na vikifa havioti tena. Ubongo, ukikosa habari kutoka huko, hujitungia mlio wake wenyewe. Magnesiamu, alisema, inachunguzwa kama kinga, kwa mtu ambaye bado hajaumia. Zinki huenda ikamfaa ambaye mwili wake umepungukiwa nayo. Kwa aliyekwisha kuumia kama mimi, hakuna uhakika kwamba vidonge hivi vinazima mlio. Figo zikiwa mbovu, magnesiamu hujazana mwilini, ndiyo maana aliuliza.

“Kitakachokusaidia kidogo ni kifaa cha kusikilizia,” akasema. “Lakini hicho ni mpaka Mbeya, upimwe.”

Safari ya Mbeya, na mgonjwa yuko ndani hawezi hata kujigeuza? Nikachagua vidonge.

Nilivimeza kwa imani ya mtu wa sala. Magnesiamu ililegeza tumbo, nikawa mtu wa kukimbilia nyuma ya nyumba, na Theresia akacheka bila sauti, mabega yakitikisika. Asubuhi nilikuwa namwambia, “Mama Anna, sema kitu.” Alikuwa anasema. Kuna siku nilidhani nimesikia. Namwuliza, “Umesema uji?” Anatikisa kichwa, anatabasamu, ananishika mkono. Chupa ya kwanza ikaisha hivyo. Kichwani kinu hakikupungua hata kidogo.

Ilikuwa alasiri, upepo wa kipupwe unavuma, Anna yuko jikoni. Theresia alikuwa ananitazama muda mrefu. Kisha akainua mkono ambao ulikuwa haujainuka tangu juzi yake, akagonga kifua mara mbili, akavuta kiganja kwake.

Zamu yangu ilikuwa imefika. Nilipiga magoti, nikaweka sikio langu la afadhali mdomoni kwake. Alisema. Alisema kirefu, kwa Kifipa nadhani, kwa jinsi pumzi ilivyokuwa inakatika. Nilihisi joto la maneno yake sikioni, moja moja, na sikulisikia hata moja. Nilikaza macho, nikabana pumzi, nikaomba injini ile izimwe kwa dakika tu. Haikuzimwa. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshamaliza kusema, ametulia, kama mtu aliyetua mzigo. Hakuamka tena.

Siku hizi huwa napita kwenye mashine za Izia na vizibo vya masikio mfukoni. Msagaji mmoja aliniambia, “Babu, nikiziba nitaisikiaje nyundo ikilegea?” Nikamshika mkono, nikauweka juu ya bati la kinu. “Mtetemo huo hapo. Ukibadilika, zima. Mashine unaweza kuisikia kwa kiganja. Watu wa nyumbani kwako huwezi.” Alivivaa. Akina mama waliokuwa kwenye foleni walitazamana, lakini hawakuondoka.

Chupa ya pili bado iko kabatini, sijaifungua. Anna kila akija huniuliza kwa upole, “Baba, siku ile mama alikuambia nini?” Nami humjibu ukweli: aliniambia yote, mwanangu, mdomo wake sikioni kwangu, na mimi nilikuwa nasikiliza mashine.