Mistari Miwili ya Mwisho

Mpaka leo nikimwona yule mwalimu wa kwaya pale Tunduma, navuka barabara. Najipenyeza katikati ya malori yanayosubiri kuingia Zambia, afadhali nimeze vumbi kuliko kumpa mkono. Watu husema nina hasira za karibu. Ninazo, na hizi nina haki nazo.

Mama alipofariki, nyumbani Ihanda, nilimwandikia soneti. Nafundisha Kiswahili sekondari, na kila mwaka nawapigia wanafunzi kelele juu ya muundo huo: mistari kumi na minne, haipungui. Kumi na miwili ya kwanza inajenga jambo, inalalamika, ikitaka inashtaki. Miwili ya mwisho inageuka na kusema kile hasa ulichokuja kusema. Ukiikata, unabaki na mashtaka matupu.

Katika ile kumi na miwili nilimwambia mama ukweli. Alivyoniamsha kupalilia kahawa kabla ya shule, alivyonichapa nilipovunja mpini wa jembe, alivyokataa kuja kwenye mahafali yangu kwa sababu kahawa ilikuwa imeiva. Halafu nikageuka:

Mkono ulonichapa, ndio ulonipa dua,
Mama nakuomba radhi, nilichelewa kujua.

Kwetu mfiwa hasomi. Unakaa kwenye mkeka kando ya jeneza, mwingine anakusomea. Nikampa karatasi mwalimu wa kwaya, maana ndiye aliyekuwa anapeleka ratiba ya mazishi kuchapwa stesheneri, na nyimbo za kwaya anatunga mwenyewe. Nikajua niko kwenye mikono salama.

Akasoma uani, mbele ya ukoo mzima, kwa ile sauti yake nzuri. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikavuta pumzi kusubiri. Akakunja karatasi, akasema, "Tuinamishe vichwa, tuombe."

Vichwa viliinama, lakini macho yalinigeukia. Binti amemsema mama yake mbele ya jeneza! Mwanamke mmoja nyuma yangu aliguna. Nikainuka niseme bado, haijaisha, na ndugu wawili wakanidaka mabega wakidhani nazimia. Nikipigana nao hivyohivyo, mama akabebwa.

Tuliporudi kutoka makaburini nilimkuta mwalimu kwenye masufuria, na sahani yake ya ubwabwa.

"Mistari yangu miwili iko wapi?"

"Aa, dada, ile ilizidi. Ubeti ni mistari minne. Wewe ulikuwa na beti tatu kamili, halafu vipande viwili vinaning'inia. Nikakunyooshea."

Nikakunyooshea! Tena anatabasamu, anasubiri ashukuriwe. Nilimwita mjinga mbele ya mchungaji, na sijatubu.

Siku ya kuanua matanga mama mdogo, mdogo wake marehemu, alikuwa bado hajanisemesha. Nilimfuata jikoni alikokuwa anachambua maharage. Nikamweleza yote kama niko darasani: mistari mingapi, inageukia wapi, yule mpumbavu alikata nini. Kisha nikamsomea ile miwili. Alisikiliza bila kuinua macho kwenye ungo.

"Ni maneno mazuri," alisema. "Lakini mwanangu, dada yangu amelala kitandani mwaka mzima. Wewe ulikuwa unakuja kila Jumapili, unakaa pale pembeni yake, unaondoka. Maneno yenyewe ndiyo haya mawili tu. Ulikuwa unayasubirishia nini?"

Nikatoka, nikaubamiza mlango mpaka bawaba ikalegea. Nilikasirika kuliko nilivyomkasirikia yule mwalimu wa kwaya. Yeye aliikata mistari ile mara moja. Mimi niliikata kila Jumapili.